Kiwanja: Mgonjwa wa figo afundishwe kuuchunga mshipa wake

Huku Kivu ukitamka fistula, watu wanafikiri ile ya akina mama inayotibiwa Panzi na HEAL Africa. Ipo nyingine. Ni mshipa wa mkono ambao daktari ameuunga na ateri, ili damu ipite kwa nguvu na mashine ya dializi iweze kuivuta. Madaktari wa New York waliitangaza mwaka 1966, na bado ndiyo inayopendelewa.

Kwa kawaida mgonjwa husafishwa damu mara tatu kwa wiki, karibu saa nne kila mara. Mshipa ukiziba, mashine hata ikiwa mpya haimsaidii kitu. Itabidi awekewe mpira shingoni, na mpira huo huleta maambukizi upesi.

Kusema kwamba kuchunga mshipa huo lazima kungoje ekografia na wafadhili ni kisingizio. Hakuhitaji sindano wala umeme. Weka vidole juu yake: unatetema kama simu iliyo mfukoni. Weka stetoskopu: unavuma bila kukatika. Inua mkono juu: mshipa unalegea. Ukibaki umevimba, huenda kuna kizuizi mbele. Ukinyamaza kabisa, ni kukimbia kwa daktari siku hiyo hiyo, maana damu iliyoganda inaondoleka vizuri ikiwahiwa. Hata mwongozo wa Marekani wa 2019 unatanguliza uchunguzi huu wa macho, vidole na masikio, na hausukumi watu kwenye vipimo vya mashine vya kila mara.

Kutoka Kiwanja hadi Goma ni karibu kilometa 70. Tangu M23 waingie Kiwanja Oktoba 2022, nani anaweza kuapa kwamba kesho atapita? Familia zimehama mara mbili, mara tatu. Mtu wa namna hiyo asifike Goma ndipo aambiwe mshipa ulikufa juzi, wakati vidole vyake mwenyewe vingemwambia asubuhi ile ile.

Kwa hiyo hospitali zinazosafisha damu zimfundishe mgonjwa pamoja na mtu mmoja wa nyumbani, kwa lugha wanayoielewa, kabla hajatoka. Wauguzi wa vituo vya afya wasipime tansio wala kutoa damu kwenye mkono huo. Nyumbani, bidoni la maji libebwe kwa mkono mwingine, na kwenye mkeka asiulalie. Na apewe karatasi ya kuweka pamoja na kadi yake ya mpiga kura, ili popote vita itakapomtupa, muuguzi ajue ni mkono upi usioguswa.