Haibridi ya mtumba, miezi mitano baadaye: usiogope betri, ogopa uvumi

Wasee, tangu niweke picha za lile gari jeupe, inboksi imejaa swali moja tu: "Na hiyo betri ikikufa utafanyaje?" Hakuna anayeuliza kama viti ni poa, kama linapanda mlima, kama buti inameza mizigo. Ni betri, betri, betri. Basi leo najibu kwa urefu, na atakayeuliza tena nitamtumia hii.

Gari lenyewe ni Toyota Axio haibridi ya 2015, saluni (ya magari, si ya nywele), injini ya 1500. Lilikuwa na mwenyewe mmoja hapa Nairobi kabla yangu. Nimekaa nalo miezi mitano.

Msimamo wangu ni huu: kama unaishi Nairobi na nusu ya maisha yako iko kwa jam, haibridi ya mtumba ni gari la kwanza lenye akili kuliko mengi tunayoyatamani mtandaoni. Lakini linunue kwa vipimo, si kwa stori. Stori ndizo zinatumaliza, za kutisha na za kusifia pia.

Tuanze na mafuta

Kila tarehe 14 ya mwezi tunangoja EPRA itangaze bei kama watu wanaongoja matokeo ya KCSE. Julai 2023, VAT ya mafuta ilitoka asilimia 8 hadi 16. Septemba mwaka huohuo lita ya petroli hapa Nairobi ikafika Ksh 211.64. Julai 2024, ushuru wa kutunza barabara ukaongezwa kutoka Ksh 18 hadi 25 kwa kila lita. Bei ikishuka, inashuka kwa adabu. Ikipanda, inapanda kwa fujo.

Sasa hesabu yangu. Najaza tangi pomoni, naandika kilomita kwenye simu, naendesha mpaka karibu liishe, halafu najaza tena kwa pampu ileile. Njia yangu ya kawaida ni Donholm hadi Westlands, na Jogoo Road iko katikati, kwa hivyo mnajua nateseka. Wastani wa miezi mitano ni kilomita 21 kwa lita. Binamu yangu ana Axio ya petroli tupu, umbo lilelile, na njia zetu hazitofautiani sana. Yeye anapata 11.

Chukua kilomita 1,000 kwa mwezi. Yeye anachoma lita 91 hivi, mimi 48. Tofauti ni lita 43. Kwa Ksh 180 kwa lita, hiyo ni Ksh 7,740 kila mwezi, karibu Ksh 93,000 kwa mwaka. Keja ya bedsitter inalipiwa na pesa kama hiyo, mtaa ukiwa mzuri na caretaker akiwa mtu wa watu.

Ila tusidanganyane. Gari hili lilipotoka Japani mwaka 2013, Toyota walilitangaza kwa kilomita 33 kwa lita, kwa vipimo vyao vya JC08. Mtu akikuahidi 33 hapa Nairobi, muulize anaendesha ndotoni au wapi.

Linavyofanya kazi, bila uchawi

Ndani kuna injini ya petroli na mota ya umeme, na zinagawana kazi. Ukiondoka pole pole, mota ndiyo inasukuma na injini imelala. Ukihitaji nguvu, injini inaamka. Ukikanyaga breki, mota inageuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Gari la kawaida likifunga breki, ile nguvu yote inaishia kuwa joto tu.

Ndiyo maana haibridi inapenda jam. Hapo ambapo gari la binamu linanguruma likichoma pesa bila kusonga hata mita moja, langu limezima injini. Inaamka mara moja moja kuchaji betri, hasa ukiwa na AC, halafu inarudi kulala. Mara ya kwanza ilipozima pale City Stadium nilikuwa na beshte kwa kiti cha kando, akashtuka: "Buda, gari imekufa!" Haikuwa imekufa. Ilikuwa inaokoa shilingi zangu.

Kitu ambacho sikutarajia ni jinsi limenibadilisha mguu. Dashibodi inakuonyesha kama unachaji au unachoma, na ukishaiona hiyo huwezi kuendesha kama mwendawazimu tena. Nafunga breki mapema na polepole ili nirudishe umeme mwingi. Shida ni kwamba Nairobi ukiacha nafasi mbele yako, hiyo si nafasi, ni mwaliko. Matatu inaingia, bodaboda wawili wanafuata, na mwenye mkokoteni anakuangalia kama wewe ndiye unachelewesha watu.

Sasa hiyo betri

Prius, haibridi ya kwanza kuuzwa kwa wingi, iliingia sokoni Japani Desemba 1997. Mimi sikuwa nimezaliwa. Kwa hivyo hii teknolojia tunayoiita mpya na ya majaribio imenizidi umri. Kuna watu wameiendesha, wakaichosha na kuitengeneza kabla mimi sijajua kutembea.

Mjomba wangu mmoja, namheshimu sana, aliniambia: "Kijana wangu, hiyo ni bomu. Siku moja utaamka upate gari halitoki." Nikamuuliza kwa upole, "Anko, ya nani imewahi kukufanyia hivyo?" Ikawa si yake. Ni ya rafiki wa jirani wa mtu wa kanisani. Uvumi wa betri ndivyo ulivyo, kila mtu ameusikia na hakuna mwenye mgonjwa.

Nisiseme betri haifi. Inakufa. Ile ya Axio ni ya nikeli, volti 144, imepangwa kwa moduli 20 chini ya kiti cha nyuma. Moduli huchoka, na moja ikichoka sana inavuta wenzake. Lakini adui wake mkubwa ni joto, na hapa ndipo wengi wetu tunaiua wenyewe. Kando ya kiti cha nyuma kuna matundu madogo yanayovuta hewa ya kupoza betri, na ndani kuna feni. Vumbi likijaa humo, au ukiyaziba na mabegi na jaketi, betri inapikwa taratibu. Mimi mwenyewe nabeba kamera, tripodi na taa, na sheria ya gari langu ni moja: hakuna kitu kinakaa mbele ya yale matundu. Fundi wangu alisafisha feni mwezi wa kwanza na akatoa vumbi la kutosha kupanda sukuma wiki.

Pia kuna betri ndogo ya volti 12, kama ya gari lingine lolote. Hiyo ikiisha, gari halionyeshi neno READY na haliendi popote. Usishangae nusu ya zile hadithi za "betri ya haibridi ilikufa" zikiwa kumbe ni hii ndogo, ambayo unabadilisha asubuhi na mchana uko kazini.

Na hofu ya gharama? Nimeuliza mafundi watatu bei ya kubadilisha betri kubwa, na bei ya juu ilikuwa zaidi ya mara mbili ya bei ya chini, kutegemea kama ni mpya au imekarabatiwa. Kwa hivyo natenga Ksh 4,000 kutoka kwa zile ninazookoa kwa mafuta, kila mwezi, kwa akaunti ambayo siigusi. Baada ya miaka miwili ni Ksh 96,000. Betri ikifa, gari lenyewe litakuwa limeshachangia mazishi yake. Isipokufa, nina Ksh 96,000. Ni hivyo tu.

Siku ya kununua

Hapa ndipo watu wanapigwa, kwa hivyo nisikilize vizuri.

Yadi ya kwanza niliyoenda, jamaa aliniambia gari limetembea kilomita 62,000. Usukani ulikuwa umeng'aa kama goti la mchezaji wa mtaani, na pedali ya breki imelika. Nikamwomba fundi wangu aunganishe mashine ya kusoma betri. Akakataa: "Hiyo itaharibu kompyuta, kijana." Nikamshukuru, nikaondoka. Mwenye gari zuri hana sababu ya kukataa lipimwe.

Huyu aliyeniuzia alikaa kando akinywa soda wakati fundi anapima. Tuliendesha dakika 40, mlima na tambarare, AC ikiwa juu kabisa, tukiangalia kama kuna kundi la moduli linaloshuka volti haraka kuliko mengine. Halikuwepo. Tulifungua lile tundu la hewa. Tulilinganisha kilomita na karatasi za gari za kutoka Japani. Nilimlipa fundi pesa ya siku nzima na naiona kama pesa nafuu kuliko zote nilizotumia kwa gari hili.

Watu huniambia, "Wewe hata chuo hukumaliza, utatufundisha umeme?" Ni kweli, niliacha mwaka wa pili. Lakini kupima lita na kilomita hakuhitaji digrii, na kumlipa anayejua kabla hujamlipa anayeuza hakuhitaji hata KCSE.

Na niseme kitu kimoja cha nyumbani. Mathe alitaka hizi pesa zinirudishe chuo. Mimi nilizipata nikipiga video za harusi na mazishi, na sehemu kubwa ya malipo ilikuwa inaishia kwa teksi nikibeba vifaa usiku. Nikamwambia gari hili ni kifaa cha kazi kama kamera. Alisikiliza, akasema, "Sawa, baba, tutaona." Mnajua "tutaona" ya mama. Kwa hivyo betri ikifa bila akiba, si gari tu limekufa, ni hoja yangu yote mbele yake. Ndiyo maana naandika kila lita.

Ya kuudhi yapo

Ni la chini. Matuta ya mtaani kwetu yalijengwa na mtu mwenye hasira, na mara nyingine nayasikia tumboni mwa gari.

Redio iliyokuja nalo ni ya Japani, ambako FM ilipangwa kuanzia megahezi 76 hadi 90. Stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, kwa hivyo mpaka uweke kifaa cha kubadilisha masafa au redio nyingine, utasikiliza mawazo yako. Na kila asubuhi kuna mwanamke wa Kijapani ananikumbusha kwamba sijaweka kadi ya kulipia barabara zao. Madam, niko Donholm.

Kwa barabara kuu pia, uchawi unapungua. Nikienda Nakuru napata kama 18, kwa sababu injini inafanya kazi karibu muda wote na breki huzigusi. Na ukishuka Mai Mahiu, betri inaweza kujaa katikati ya mteremko. Ikijaa, mota haiwezi tena kukusaidia kushika gari, kwa hivyo weka gia kwenye B injini ikusaidie, usiziachie breki kazi yote.

Nani asilinunue

Kama kila wikendi uko safarini ushago, kilomita 400 za lami tupu, nunua petroli ya kawaida iliyotunzwa vizuri. Tofauti ya mafuta itakuwa ndogo na utakuwa umelipia teknolojia ambayo huitumii.

Kama kila siku unapanda Expressway kukwepa jam, ni hivyohivyo. Unalipa ada ili ukimbie mahali pekee ambapo gari hili linakurudishia pesa.

Kama huna akiba yoyote baada ya kununua, ngoja. Gari la mtumba linalonunuliwa na shilingi ya mwisho ni mtego, liwe haibridi au lisiwe.

Na kama unalitaka ili watu waseme umeomoka, wasee, ni Axio. Hakuna atakayegeuka kuangalia. Hata askari wa geti husikia tu likinong'ona, halijamsisimua.

Lakini kama wewe ni kama mimi, kazi ni ya mjini, kipato kinapanda na kushuka na jam ndiyo ofisi yako ya pili, usikubali rafiki wa jirani wa mtu wa kanisani akuamulie. Tafuta fundi anayejua haibridi, lipima, halafu amua. Na kwa vijana mnaosomea ufundi huko vyuo vya TVET: haya magari yanaongezeka na mafundi wanaoyaelewa kwa kweli bado ni wachache. Hapo kuna kazi, tena ya heshima.

Kama unayo haibridi, niandikie kilomita ngapi kwa lita unapata na njia gani unapita. Namba tafadhali. Stori za betri ya rafiki wa jirani wacha huko huko.