Fahali Wawili Zizi Moja: Nyasi Je?

Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Wakasema tena kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Methali hizi tumezitia katika insha zetu tangu shule ya msingi, mpaka zimechakaa kama daftari la mwaka jana. Lakini kuna jambo moja ambalo wahenga hawakutuambia. Siku fahali hao watakapoacha kupigana, wakapatana, wakakubali kulala zizi moja, je, nyasi zitapona?

Swali hili lilinijia muhula uliopita, Chama chetu cha Kiswahili kilipoandaa mdahalo wenye hoja hii: kuungana kwa kampuni za ndege humfaidi abiria. Mimi nilikuwa upande wa kupinga. Nakiri bila haya kwamba tulishindwa, tena vibaya. Wapinzani wetu walisimama wakasema umoja ni nguvu, wakasema kidole kimoja hakivunji chawa, na ukumbi ukalipuka kwa makofi. Nami nilipofika kwenye hoja yangu ya maana, kengele ikalia nikaambiwa niketi. Basi namshukuru mhariri kwa kunipa ukurasa usio na kengele.

Najua wapo watakaocheka. "Ati wewe wa hapa Tezo, mambo ya ndege wayajulia wapi?" Ni kweli, wengi wetu ndege twaijua tumbo tu, inapopita juu ya minazi. Kwa hivyo nitaanza na matatu, kisha tupande angani pamoja.

Nyanya yangu mzaa mama, ambaye sote nyumbani twamwita Hawe, huuza maembe ya ngowe na boribo. Msimu wa maembe ukiisha, huuza korosho. Siku za soko husimama steji hapa Tezo alfajiri, kapu lake miguuni, akingoja gari la Malindi. Kwa miaka sita alipanda gari moja tu. Mengine yakimpigia honi, aliyapungia mkono yaende zake. Makanga wa gari lile alimjua. Alimwekea kiti cha mbele, kapu alilipakia bure, na siku ambayo soko limelala alimwambia, "Hawe, wewe nenda tu, utanipa kesho." Hawakuwahi kuandikiana hata mstari mmoja.

Kisha wenye magari wakaungana. Kanuni za uchukuzi za mwaka 2014 zilitaka kila chama au kampuni ya matatu iwe na magari yasiyopungua 30, basi mwenye gari moja au mawili hakuwa na budi kutafuta wenzake. Gari la Hawe nalo likaingia katika chama kikubwa, likapakwa rangi mpya, na makanga akawa mwingine. Siku ya kwanza Hawe akasukuma kapu lake mlangoni kama kawaida.

"Hawe, kapu hilo lalipiwa. Shilingi hamsini."

"Lalipiwa tangu lini? Mwenzio hakunilipisha miaka sita."

"Mwenzangu simjui, Hawe. Sisi ni chama kipya. Walipa au washuka?"

Hawe akalipa. Faida ya siku hiyo ikaliwa na kapu. Jioni alipotusimulia hakukasirika, alicheka tu kicheko kile kisichofika machoni.

Tazama vizuri, msomaji. Gari halikuharibika. Pengine lilikuwa safi kuliko zamani, na lilianza kuondoka kwa saa yake. Kilichopotea ni kujuana. Asiyekujua hakuthamini.

Sasa tupande angani. Sisi watu wa Afrika Mashariki tuna historia ndefu ya kuunganisha ndege na kuzitenganisha. Mwaka 1946 lilianzishwa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, mali ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kwa pamoja. Lilikua hata likawa na ndege za masafa marefu zilizofika Ulaya. Mwaka 1977 washirika walipokosana juu ya fedha na madeni, shirika likavunjika. Mwaka huohuo Kenya ikaanzisha Kenya Airways, na Tanzania ikaanzisha shirika lake. Jumuiya yenyewe ikafa, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi mwaka 1983. Kwa hivyo sisemi kwamba kutengana ndiko dawa. Abiria wa Nairobi aliyekuwa na ndugu Dar es Salaam aliumia kwa kutengana kuliko ambavyo angeumia kwa kuungana.

Tena nitawapa wapinzani wangu haki yao. Mwaka 1996 serikali yetu ilipobinafsisha Kenya Airways, kampuni ya KLM ya Uholanzi ilinunua asilimia 26 ya hisa, na wananchi nao wakauziwa hisa kupitia Soko la Hisa la Nairobi. Faida ilionekana. Mtu aliweza kuondoka Mombasa, akabadilisha ndege Nairobi, akafika Amsterdam na kuendelea mbele kwa tikiti moja, na mzigo wake akaukuta mwisho wa safari. Anayekataa kwamba hilo ni jambo jema hajawahi kuvuta sanduku.

Lakini angalia yaliyofuata. Mwaka 2004 KLM na Air France ya Ufaransa ziliungana. Mwaka 2005 mipango yao miwili ya kuwatuza wasafiri wa mara kwa mara iliunganishwa ikawa mmoja, ukaitwa Flying Blue. Abiria wa Kenya Airways naye kwa miaka mingi alikusanya pointi zake humo. Tangu Aprili 2018 mpango huo ukabadili hesabu: pointi zikaacha kufuata masafa aliyosafiri mtu, zikafuata fedha alizolipa. Mwaka 2021 ubia wa Kenya Airways na kampuni hizo wa kuendesha safari za Ulaya kwa pamoja ukavunjwa. Leo Kenya Airways ina mpango wake yenyewe uitwao Asante. Sisemi kuna aliyedhulumu. Nasema abiria yule alikuwa mmoja, na kiti chake kilikuwa kilekile, lakini daftari la uaminifu wake lilikuwa likihamishwa na kuandikwa upya na watu waliokaa Ulaya na Nairobi. Yeye hakuitwa mezani hata mara moja.

Hapa ndipo kengele iliponikata. Nilitaka kuwasimulia habari ya mjomba wangu.

Mjomba alifanya kazi ya hoteli huko Ghuba kwa miaka mingi. Kila likizo alisafiri kwa kampuni moja ya ndege, hata pale ambapo nyingine ilikuwa na bei nafuu, kwa sababu ya kadi aliyopewa. Aliambiwa: safiri nasi, tunza pointi, na siku moja zitakulipia safari. Kampuni hiyo sitaitaja, maana nia yangu si kumchafulia mtu jina. Ikafika siku ikabadili washirika, na kadi za zamani zikapewa muda wa kuhamishwa. Tangazo lilitumwa, lakini lilikwenda kwenye anwani ya barua pepe ya mwajiri wake wa kwanza, ambaye alikuwa ameachana naye zamani. Kosa la kutobadilisha anwani ni lake, nakubali.

Kisha babu yetu, Tsawe, akafariki. Mjomba akapiga simu atumie pointi zake aje matangani. Sauti iliyopokea ilikuwa ya adabu sana. Ikamwambia kwamba kadi ile haitambuliki tena na muda umepita. Akauliza kama kuna mkubwa wa kuzungumza naye. Akaambiwa aandike barua. Fedha za tikiti akazikopa kwa marafiki, siku mbili zikaenda, akafika Tezo baada ya maziko. Alikuta udongo bado mbichi. Hawe alimshika mkono, akampeleka kaburini, na hakumuuliza neno.

Mpinzani wangu mmoja wa mdahalo, ambaye ni rafiki yangu wa bweni moja, nilimsimulia haya tukila chakula cha jioni. Akanijibu, "Sawa, pole sana. Lakini uaminifu si deni. Mjomba alilipa nauli akapata safari. Hawe alilipa nauli akafika sokoni. Wadaiana nini tena?"

Jibu lake ni zuri, tena limenisumbua. Kwa upande wa Hawe, huenda ana haki. Ihsani ya makanga ilikuwa ya makanga mwenyewe, nayo iliondoka naye. Lakini mjomba hakufanyiwa ihsani. Kampuni ndiyo iliyomwendea na kadi. Ndiyo iliyomwomba aache ndege ya bei nafuu apande yake. Na ahadi ni deni. Anayenunua duka la mwenziwe huchukua bidhaa zilizomo pamoja na madeni yake, hawezi kuwaambia wanaodai kwamba duka limepakwa rangi mpya.

Tena ziko hasara zisizoandikwa katika kadi yoyote. Kampuni mbili zikiungana, huduma ya mteja huwa ya kwanza kuyumba, na sababu yake si chuki. Kila kampuni ina kompyuta zake, kanuni zake, na wafanyakazi waliozoea desturi zao. Huko Marekani, United na Continental ziliungana mwaka 2010. Tarehe 3 Machi 2012 zilipohamia mfumo mmoja wa kompyuta wa kuwekea nafasi, foleni zilijaa na safari zikachelewa, kwa kuwa wafanyakazi wengi walikuwa wakijifunza mashine huku abiria amesimama mbele yao. Ikiwa matajiri wa Marekani yaliwafika hayo, sisi wa steji tutaponea wapi?

Tena zizi lenyewe huvunjika. Mwaka 2002 Shirika la Ndege la Afrika Kusini lilinunua asilimia 49 ya Air Tanzania. Mwaka 2006 ndoa hiyo ilikwisha, na serikali ya Tanzania ikalirudisha shirika mikononi mwake. Wakubwa wana mawakili wa kuwaandikia talaka. Abiria aliyezoea kabla, akazoezwa upya, kisha akazoezwa tena, talaka yake huandikwa na nani?

Basi tufanyeje? Mimi sitaki kampuni zikatazwe kuungana. Ndogo inayozama ikishikwa mkono na kubwa, hata abiria wake huokoka. Ninachotaka ni kwamba abiria wa siku zote ahesabiwe kabla wino haujakauka.

Kwanza, pointi zote zihamishwe kama zilivyo, moja kwa moja, na kadi ya zamani iendelee kutambuliwa kwa miaka kadhaa. Tangazo moja la barua pepe halitoshi. Mtu apigiwe simu, na atangaziwe pale anapokaguliwa tikiti.

Pili, pawe na binadamu mwenye mamlaka ya kuamua, wala si sauti ya adabu isiyoweza lolote. Msiba hausubiri barua ijibiwe.

Tatu, sheria iulize. Kenya tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 na Mamlaka ya Ushindani inayochunguza miungano. Mara nyingi Mamlaka hiyo hukubali kampuni ziungane kwa sharti kwamba wafanyakazi wasiachishwe kazi ovyo. Hilo ni jema sana. Je, kuna ugumu gani kuongeza sharti jingine juu ya ahadi walizopewa wateja? Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike nayo, na haki ya fidia anapopata hasara kwa huduma yenye kasoro. Haki hizo zisikomee ukutani mwa darasa la Uraia.

Nasi wateja tuna wajibu wetu pia. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye kadi aihifadhi, aandike pointi zake, abadilishe anwani anapohama kazi. Mjomba mwenyewe amenituma niwaambie hilo.

Mwenzangu unayesoma haya, usidhani ni ya ndege peke yake. Mwaka 2019 benki za NIC na CBA ziliungana zikawa NCBA. Kesho itakuwa kampuni ya simu au chama cha akiba cha mamako. Kila wakubwa watakapopeana mikono na kupigwa picha, uliza: na yule aliyekuwa akija kila siku, jina lake limeandikwa wapi?

Hawe bado husimama steji ya Tezo siku za soko. Shilingi hamsini za kapu sasa hutoa bila kuambiwa. Lakini amepata tabia mpya. Gari likipunguza mwendo, hatazami tena rangi wala jina lililoandikwa ubavuni. Huinamisha shingo, akautazama uso wa makanga kwanza.

Naweka kalamu chini. Kengele sasa na ilie.