Gati Lililoambiwa Halijazeeka

Ipo hoja moja iniudhiyo kila niisikiapo: ati jengo lisilo na umri mkubwa halina historia, basi na libomolewe. Kwa hoja ya namna hiyo gati la feri la Edinburgh Place, mjini Hong Kong, lilivunjwa likiwa na miaka 49.

Gati hilo lilifunguliwa mwaka 1957, upande wa kisiwani, ili feri za kampuni ya Star Ferry zivushe watu hadi Kowloon. Halikuwa jengo la fahari. Lilikuwa saruji tupu na mnara wa saa, ingawa saa yenyewe ilitoka kwa Dent, mafundi wale wale waliotengeneza ile ya Big Ben huko London. Kabla ya njia ya chini ya bahari kufunguliwa mwaka 1972, aliyetaka kuvuka bandari alitegemea chombo cha majini, awe karani au mchuuzi.

Ndiyo maana nauli haikuwa jambo dogo. Mwaka 1966 ulikuwapo mpango wa kupandisha nauli ya daraja la kwanza kutoka senti 20 hadi 25. Senti tano! Anayecheka hajawahi kuhesabu nauli ya mwezi mzima. Tarehe 4 Aprili kijana mmoja, So Sau-chung, alisimama gatini hapo akakataa kula, koti lake likiwa limeandikwa maneno ya kupinga nyongeza hiyo. Kesho yake akakamatwa. Ghasia zikazuka Kowloon, mtu mmoja akafa, zaidi ya elfu moja wakatiwa mbaroni, na serikali ya kikoloni ikalazimika kuunda tume ya uchunguzi. Je, mahali palipotukia hayo pana upungufu gani wa historia? Miaka hamsini ndiyo ingepatakasa?

Tarehe 11 Novemba 2006 feri ya mwisho iliondoka hapo, maelfu kwa maelfu wakitazama, kamera mikononi. Sitawasifu wote. Mipango ya kufukia bahari na kupitisha barabara ilikuwa karatasini kwa miaka mingi, na wengi wao hawakuwa wamesema neno. Mapenzi ya siku ya mazishi ni rahisi. Nawaheshimu zaidi vijana wachache walioingia katika eneo la ubomoaji mwezi Desemba wakajaribu kuzuia mashine. Polisi wakawatoa. Mnara ukakatwa, mabaki yake yakapelekwa jaani.

Wakubwa wakajibu kwamba hakuna kilichopotea: feri zingali zinavuka, na gati jipya si mbali. Tena limepambwa kwa mtindo wa mwanzoni mwa karne ya 20! Hapo ndipo uvumilivu wangu huniishia. Waliharibu kitu halisi ambacho watu walikikanyaga kila asubuhi, wakajenga mfano wa kile ambacho karibu wote walio hai hawakukiona, kisha wakauita urithi. Mwalimu angempa mwanafunzi sifuri kwa kazi ya namna hiyo.

Jirani yake palikuwa na gati jingine, Queen's Pier. Mwaka 2007 vijana walipiga kambi hapo, baadhi yao wakafunga kula kama So Sau-chung. Nalo likavunjwa mwaka 2008, ila safari hii vipande vyake viliwekwa ghalani.