GEJI MBOVU YA MAFUTA TUSIIZOEE



Probox na Noah zinazobeba watu wetu Kayanga, Omurushaka, Nkwenda hadi Murongo, nyingi ni mtumba wa Japani. Zikichakaa, boya ndani ya tangi hukwama: mshale unasoma nusu tangi, kumbe mafuta yanaisha. Dereva anajihami kwa dumu la petroli ndani ya gari, miguuni pa abiria. Cheche moja tu, tunazika.

Watengenezaji huyaita magari yenye kasoro ya kiwandani yakatengenezwe bure. Lakini tangazo mara nyingi humfuata mnunuzi wa kwanza kule Japani, na geji iliyochakaa kwa umri haihesabiwi kuwa kasoro. Gharama inabaki kwetu.

Maoni yetu: Tume ya Ushindani (FCC) ifikishe wilayani namba za chasi za magari yanayoitwa. TBS, inayosimamia ukaguzi wa magari ya mtumba, ipime na geji. Hoja hii tumpe diwani aifikishe halmashauri.

Madereva, kwa sasa hesabuni kilomita, msiuamini mshale. Madumu yashushwe leo.

Katibu wa Tawi