Barua Iliyokosea Mlango



Hivi karibuni mmoja wetu, katika ofisi ambayo hatutaitaja, alifungua mtoto wa meza akakuta barua ya mjane wa mwalimu, mkazi wa Ushirombo, aombaye haki za marehemu mumewe. Haikuwa na muhuri wa tarehe, wala nambari, wala jina la karani aliyeipokea. Mama huyo alikuwa amekwisha kuja mara mbili kuuliza, na kila aliyeulizwa alijibu, "Mimi sikuiona," naye alisema kweli.

Hatudhani kwamba kosa lilikuwa uvivu. Wilaya ya Bukombe, ambayo makao yake ni Ushirombo, ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga mpaka mwaka 2012, ulipoanzishwa Mkoa wa Geita. Mipaka huhamishwa kwa tangazo la siku moja, bali majalada na mazoea ya watu hukawia. Barua ilikosea mlango. Aliyeipokea aliiweka kando apate kuuliza, kisha akahamishwa kituo.

Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka, Na. 3 ya mwaka 2002, yaziagiza ofisi za umma kutunza kumbukumbu za kazi zao. Utunzaji huo huanza mlangoni. Kwa hiyo twawasihi haya:

Kwanza, barua zote, isipokuwa zile za siri, zifunguliwe masjala, zipigwe muhuri wa tarehe kabla ya kugawanywa.

Pili, kila moja iandikwe katika daftari la barua ziingiazo: itokako, jambo lake, na nambari ya jalada.

Tatu, ipelekwe ndani ya jalada lake, na aipokeaye atie sahihi katika kitabu cha tarishi.

Nne, iliyokosea mlango isilale. Ipelekwe inakohusika siku ile ile, na mwandikaji ajulishwe imekwenda wapi.

Wako watakaosema kwamba kompyuta imekwisha kutuondolea taabu hizi. Sivyo. Barua iliyoingizwa katika kompyuta pasipo jina la mtu wa kuishughulikia imepotea vilevile, ila imepotea kwa usafi. Wengine watasema daftari lapoteza wakati. Kuandika mstari mmoja ni kazi ya dakika moja. Kuitafuta barua isiyoandikwa ni kazi ya siku nzima, na nauli ya mjane haimo katika hesabu zetu.

Mchimbaji mdogo wa Geita huipima dhahabu yake kwa mizani, asikubali hata chembe ianguke. Barua ya raia na ishikwe kwa mikono ya namna hiyo, kwa maana huenda ndiyo mali yote aliyo nayo. Wahenga walinena: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mhariri