Tupeni Maji na Vifuniko Kabla ya Moshi

Kila homa ya dengi inaporejea Mombasa, tunaletewa moshi. Gari hupita jioni, mashine inanguruma, watoto wanalikimbilia, na kesho yake watu wanasema serikali imefanya kazi. Mimi ni fundi bomba. Riziki yangu ni kufungua matangi, karo na mashimo ya mita, kuanzia Majengo hadi Kisauni, na nasema bila kuficha: moshi ule haufiki mbu wanakozaliwa.

Mbu anayeeneza dengi na chikungunya ni yule mweusi mwenye mabaka meupe miguuni. Huuma mchana, na akishiba hujificha ndani ya nyumba: chini ya kitanda, nyuma ya kabati, kwenye nguo zilizotundikwa. Moshi wa barabarani humpita tu. Hata akifa, watoto wake wamo ndani ya pipa la jikoni, na kwa joto letu yai huwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hivi, au siku kumi. Mayai yenyewe hubandikwa kwenye ukuta wa pipa, juu kidogo ya maji. Pipa likikauka, mayai husubiri hata miezi, kisha huanguliwa siku maji yanaporudi. Ndiyo maana kumwaga maji peke yake hakutoshi. Ukuta wa pipa lazima usuguliwe kwa brashi, kila wiki.

Lakini mbona kila nyumba ina mapipa? Kwa sababu mfereji hautoi maji kila siku. Maji ya mji huu hutoka mbali, Mzima kule Tsavo, Baricho kando ya Mto Sabaki, Marere na Tiwi huko Kwale, nayo hayatutoshi. Siku yakifika, mama hujaza kila alicho nacho: pipa, ndoo, beseni, hata sufuria ya pilau. Yasipofika, hununua mitungi kwa mwenye mkokoteni. Ukimwambia mama huyo amwage maji kwa sababu ya mbu, unamwambia amwage pesa. Simlaumu, na sitaki bwana afya yeyote aingie kwake na karatasi ya faini mkononi.

Wengi wetu huamini kwamba maradhi ya mbu hufuata mvua. Chikungunya ya Lamu ya mwaka 2004 ilikuja wakati wa ukame. Maji yalikuwa haba, watu wakayaweka ndani, na vyombo vikakaa muda mrefu bila kumalizwa wala kuoshwa. Damu za wakazi zilipopimwa baadaye, ilionekana kwamba takriban robo tatu ya watu wa mji ule walikuwa wameambukizwa. Kabla ya mwaka kwisha ugonjwa ulikuwa umeshafika hapa Mombasa, na mwaka 2005 ukavuka hadi Komoro na Reunion. Kwangu mimi, hilo latosha kuonyesha kwamba mfereji mkavu huleta homa.

Na ni Lamu hiyohiyo ambako wazee walishalijua jambo hili. Katika nyumba za mawe, ndani ya birika la maji waliweka samaki wadogo wanaokula viluwiluwi, na chini kabisa wakajengea bakuli la kaure ili maji yakipungua, samaki wapate pa kubaki. Kila nikilikumbuka bakuli lile naingiwa na heshima. Mjenzi alimfikiria mbu kabla hajamaliza kuta. Siku hizi naitwa kwenye majumba ya ghorofa, napanda juu, nakuta tangi halina mfuniko kwa sababu upepo uliuchukua na hakuna aliyepanda kuutafuta. Familia zote za chini zinatumia maji yale.

Sasa tuje kwenye karo, maana hapo ndipo nina uchungu zaidi. Sehemu kubwa ya mji wetu haina mabomba ya majitaka. Nyumba zina karo au choo cha shimo, na mbu wa usiku, yule anayelia sikioni, huzaliwa kwenye maji yale machafu. Wapo wanaosema huyu hana madhara, ni kero tu. Si kweli. Ni yeye anayesambaza matende na mabusha katika miji ya pwani yetu. Nenda nyuma ya nyumba yoyote ya kupangisha, utaliona bomba la hewa la inchi nne limesimama mdomo wazi. Hiyo ni njia ya mbu kuingia na kutoka. Kipande cha wavu wa waya na kamba ya kukifunga vingetosha kuiziba. Angalia na kifuniko cha karo: pembe moja imevunjika, pamewekwa gunia. Niliwahi kumwambia mwenye nyumba mmoja amwage kifuniko kipya cha zege. Akanijibu kuwa wapangaji hawajalalamika.

Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, walifanya jambo ambalo ningependa kila diwani wa pwani alijue. Walimwaga chembe nyepesi za plastiki ndani ya vyoo vya shimo vyenye maji. Chembe zikaelea, zikafunika uso wa maji, viluwiluwi vikakosa pa kuvutia pumzi. Watu wakapewa na dawa ya matende. Mbu walipungua sana, na chembe zile zilidumu miaka bila kuongezwa.

Sheria tunayo. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ina sehemu nzima kuhusu mbu: visima vifunikwe, mashimo ya maji machafu yawekewe wavu, na viluwiluwi vikikutwa ni kosa. Naomba itumike kwa mwenye nyumba, ambaye ndiye mwenye karo na tangi. Nyumba mpya isipewe kibali cha kukaliwa na watu mpaka bomba la hewa lifungwe wavu na tangi liwe na mfuniko wenye komeo.

Kwa kaunti, ombi langu ni la kazi. Maji yako chini ya ofisi moja, mitaro chini ya nyingine, mbu wamesukumiwa watu wa afya waliopewa pampu za kupulizia. Watumeni pamoja, bwana afya na fundi, mtaa kwa mtaa, ua kwa ua, kila wiki. Mbu wa dengi kwa kawaida haruki mbali, mara nyingi hazidi mita 200, kwa hiyo ua mmoja ukirukwa majirani wote wataumwa. Moshi uwekwe kwa ajili ya nyumba zenye wagonjwa na za jirani zao. Ratiba ya maji itangazwe na ifuatwe, ili mama ajue siku ya kuosha pipa lake bila hofu.

Na wewe mwenye nyumba unayesoma haya, usingoje masika. Panda juu ya paa Jumamosi hii uangalie mfuniko wa tangi, kisha zunguka nyuma ukafunge wavu kwenye bomba la karo.