Dragon Ball Z: mwimbaji wa Japani ambaye wengi hawakumsikia

Waliokua wakitazama Dragon Ball Z wanawajua Goku, Vegeta na Piccolo. Jina la Kageyama Hironobu, aliyeimba wimbo wa kufungua katuni hiyo huko Japani, ni wachache wanaolifahamu. Si haki, na wala haikutokea hivyo tu.

Kageyama alizaliwa mwaka 1961 na alikulia Osaka. Bendi yake LAZY ilitoa rekodi ya kwanza mwaka 1977, yeye akiwa na miaka 16. Vijana hao walipenda roki nzito, lakini wenye biashara waliwauza kama vijana warembo wa kufurahisha wasichana. Kageyama alipewa hata jina la kizungu, Michell. Mwaka 1981 bendi ikavunjika. Takasaki Akira wa gita na Higuchi Munetaka wa ngoma wakaunda Loudness, ambayo ilifika mpaka Marekani. Mwimbaji wao akabaki peke yake, akizunguka kumbi ndogo huku akifanya vibarua ili aweze kuishi.

Mwaka 1985 aliitwa kuimba wimbo wa Changeman, mchezo wa televisheni wa mashujaa wa watoto. Kwenye rekodi hawakuandika jina lake kamili, waliandika KAGE tu. Mwaka 1988 ikafuata Saint Seiya, na mwaka 1989 Cha-La Head-Cha-La, wimbo wa Dragon Ball Z.

Wapo wanaosema mtu wa roki akiimbia katuni ameshuka cheo. Hao hawajaipima kazi yenyewe. Wimbo wa kufungua hupewa kama dakika moja na nusu, na ndani ya muda huo mtoto aliyekuwa akicheza nje anapaswa aache mchezo akimbilie televisheni. Kageyama hakuutunga wimbo huo: muziki ni wa Kiyooka Chiho, maneno ni ya Mori Yukinojo. Lakini nguvu ile ya koo aliitoa kwenye miaka ya roki.

Ufaransa ilipoanza kuonyesha Dragon Ball Z mwaka 1990, katika Club Dorothée, sauti hiyo iliondolewa. Wimbo mwingine uliimbwa na Ariane, mmoja wa watangazaji wa kipindi. AB Productions, waliotengeneza kipindi hicho, walikuwa wakiuza rekodi pia, kwa hiyo hesabu yao inaeleweka. Marekani nayo iliweka muziki wake. Kutafsiri mazungumzo ni jambo jema, mtoto aelewe. Kumwondoa mwimbaji ni jambo lingine kabisa, maana mtu aliyeitazama kwa Kifaransa, awe Lyon au Bukavu, hakupata hata nafasi ya kuuliza ni nani anayeimba.

Kageyama hakungoja kuombwa radhi. Mwaka 2000 aliingia JAM Project, kundi la waimbaji wa katuni lililoanzishwa na mkubwa wao Mizuki Ichiro, yule wa Mazinger Z. Humo anaimba na kutunga pia. Kundi hilo limeimba hadi Brazil, mbele ya watu wanaoyafuata maneno ya Kijapani bila kukijua Kijapani.

Mwaka 2015 JAM Project iliimba wimbo wa One Punch Man. Kageyama alikuwa na miaka 54. Safari hii katuni ilienea haraka kwa intaneti, wimbo ukiwa ndani yake, na watazamaji wa ngambo wakamsikia mwenyewe.